Kibuyu Kilichooshwa Mara Tatu

Ernesta alitupia vipande vinne vya muwa kinuni, akaondoa mkono, na wifi yake Koleta akashusha mchi. Walikuwa wanatwanga tangu saa nane. Makapi yaliyokwisha kukamuliwa yalilundikana kando ya jiko, nyuki wakiyazunguka, na beseni la bati lilikuwa limejaa nusu kwa maji ya miwa.

"Hii ndiyo miwa yenu yote?" Koleta aliuliza bila kusimamisha mchi.

"Yote. Iliyobaki bondeni ni mbegu."

"Na yote mnaifanya kinywaji cha watoto. Kaka yangu anapokea wakwe kwa maji ya miwa! Marehemu baba angekuwa hai, angehamia Kwakoa akachunge mbuzi kwa aibu."

"Wageni watakunywa dengelua, wifi. Si umepika madumu mawili ya pombe hiyo mwenyewe? Hii ni ya kibuyu tu."

"Kibuyu ndicho chenyewe," Koleta alisema, akapiga mchi kwa nguvu zaidi.

Alisema kweli. Kesho yake, Jumamosi, watu wa Kifaru wangepanda Vudee kumposa Wema, binti wa kwanza wa nyumba hiyo. Katika ukoo wa Eliakimu, mume wa Ernesta, baba wa binti hupewa kibuyu cha ukoo kikiwa kimejaa, akakinywa mbele ya wageni mpaka kiishe, kisha akakigeuza mdomo chini wote waone. Akikiweka chini kikiwa na kitu ndani, amekataa. Hakuna neno linaloongezwa. Wageni huchukua fimbo zao, na binti aliyekataliwa hivyo hukaa nyumbani muda mrefu, maana hakuna ukoo unaopenda kupanda mlima kwenda kuaibishwa.

Eliakimu alikuwa hajanywa kwa miezi minane. Alikuwa katika kikundi cha watu kumi na mmoja walioacha pombe, waliokutana kila Jumanne katika darasa la shule ya Jumapili, wakaketi kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwakaribia kidevu, wakaambiana ukweli. Kila Alhamisi walikwenda shambani kwa mmoja wao kufanya kazi mpaka jua lizame, kwa sababu jioni ndiyo ilikuwa saa ngumu, na mtu aliyechoka pamoja na wenzake ilikuwa rahisi zaidi kwake kwenda kulala.

Kikundi hicho ndicho kilichotoa shauri la maji ya miwa. Kiongozi wao, Mwalimu Tumainieli, mstaafu aliyekunywa miaka ishirini na sita, alilisema Jumanne iliyopita kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. "Kibuyu hakina dirisha," alisema. "Atakunywa, atakigeuza, na mila itakuwa imetimia. Maji ya miwa hayana dhambi." Wote walipiga makofi. Ernesta, aliyeitwa asikilize kwa kuwa kazi ingekuwa yake, alipiga pia.

Jioni alikitoa kibuyu kwenye kigingi chake. Kilikuwa cha babu yake Eliakimu, shingo imefungwa kwa ngozi, ndani cheusi kama chungu. Alitia kokoto na maji ya moto, akakitikisa mpaka mikono ikauma, akamwaga. Akatia majivu, akasugua kwa kijiti, akamwaga. Mara ya tatu alitia maji ya moto peke yake, akanusa. Hakusikia harufu ya kitu.

"Taratibu," Koleta alimwambia mlangoni. "Utaondoa utamu wa wazee."

Kabla ya kulala Ernesta alipitisha mkono uvunguni, akaligusa jembe. Lilikuwapo. Miaka miwili iliyopita jembe lake lilikwenda kilabuni na Eliakimu likarudi dengelua tumboni mwake, na tangu hapo alilala juu ya jembe jipya kama watu wengine wanavyolala juu ya fedha. Miezi minane haikuwa imemwachisha mkono ule desturi yake.

* * *

Mvua ilinyesha usiku huo na kutwa nzima ya Jumamosi. Saa tisa mchana alifika Isihaka, rafiki wa Eliakimu, amelowa mpaka mifupani, viatu mkononi. Isihaka alikuwa amekuja katika ujana wake kutoka Kigoma kukata mkonge huko chini. Yeye na Eliakimu walipunguzwa kazi ya mkonge mwezi ule ule, karatasi zao zikipigwa muhuri na karani yule yule. Sasa aliuza mitumba sokoni Same, na katika kikundi yeye na Eliakimu walipangwa kuangaliana.

"Wakwe zenu nimewapita," alisema akikamua shati. "Gari limezama kwenye matope kona ya tatu. Yule mzee wao, Nicolaus, amekaa ndani ya gari na tai yake, anasukumwa kama bibi harusi. Wamesema watalala Same, watakuja kesho baada ya ibada."

"Kesho," Eliakimu alirudia. Alikuwa amevaa koti tangu asubuhi. Alilivua polepole, akalitundika.

"Umeogopa?"

"Nilikuwa nimejiandaa kwa leo."

"Basi jiandae tena. Mimi nalala hapa. Nikiona unatembea usiku, nitakukalia juu." Isihaka alimgeukia Ernesta. "Shemeji, unajua mimi dini yangu ilinikataza pombe kabla mchungaji wenu hajazaliwa, na bado nilikunywa? Ndiyo maana nimekuja kujaribu kwa Walutheri."

Ernesta alicheka, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye kibuyu. Maji ya miwa yalikuwa ndani tangu jana. Yaliyobaki kwenye beseni watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kuyanywa. Alichomoa kizibo, akamimina tone kiganjani, akaonja. Yalikuwa matamu. Palikuwa na ukali mdogo kwenye ncha ya ulimi, akadhani ni majivu.

Alifikiria kwenda bondeni gizani kukata miwa ya mbegu. Lakini angeikamua saa ngapi? Kesho ilikuwa Jumapili, na katika nyumba ile tangu alipoolewa hakuna aliyetwanga Jumapili. Sauti ya mchi ingesikika mpaka kanisani. Alirudisha kizibo, akakibana vizuri ili kisivuje.

* * *

Wageni walikuwa saba. Anderson, mchumba, alikuwa na tope kwenye pindo la suruali, na alimwamkia kila mtu shikamoo, hata Wema alipopita na maji ya kunawa, watu wakaangua kicheko.

"Huyo usimwamkie bado," Koleta alimwambia. "Subiri akuzoee, atakufundisha mwenyewe."

Mzee Nicolaus, baba mdogo wa mchumba na msemaji wao, alisimama na kusema kwamba wameona ua katika boma hili na wamekuja kuuliza kama lina mwenyewe. Alisema kwa ufupi, kwa sababu njia ilikuwa imewachosha. Kisha Koleta, dada wa baba, alimletea Eliakimu kibuyu kwa mikono miwili.

Eliakimu alisimama. Alichomoa kizibo, na kizibo kikatoka na mlio mdogo. Ni watu watatu tu walioujali: Koleta, aliyetabasamu, Isihaka, aliyeinua kichwa, na Ernesta, aliyesimama mlangoni na sahani.

Eliakimu aliinua kibuyu, akavuta funda la kwanza kinywani, akasita.

Halikuwa kali. Mlevi mwingine angelicheka. Lakini lilikuwa limegeuka pombe, na ulimi wake ulilijua kama mtu anavyojua sauti ya ndugu yake nyuma ya mlango. Alimtazama Ernesta. Aliona katika macho ya mkewe kwamba hakujua, na kwamba sasa amejua. Kibuyu kilikuwa bado kizito mkononi. Mzee Nicolaus aliacha kutabasamu. Anderson alitazama chini. Pazia la chumbani lilitikisika, na nyuma yake alikuwapo Wema, miaka ishirini na miwili, akisubiri kuona kama baba yake atameza au ataweka.

Alimeza. Alikunywa mpaka mwisho bila kupumzika, akakigeuza kibuyu mdomo chini, na tone moja likaanguka kwenye sakafu. Wanawake walipiga vigelegele.

Kama siku ingeishia hapo, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini chakula kilikuja, na dengelua ya Koleta ikazungushwa kwa kata, na kata ilipomfikia Eliakimu hakuipitisha. Isihaka aliinama karibu na sikio lake.

"Kaka, twende tukaangalie mbuzi."

"Mbuzi wazima."

"Twende tukawaangalie hivyo hivyo."

"Isihaka," Eliakimu alisema kwa upole, "nimekwisha kunywa. Unanizuia nini tena?"

Neno hilo lilimsumbua Isihaka siku nyingi, kwa sababu majibu mengi alikuja kuyapata baadaye, akitembea peke yake.

Kufikia saa kumi na mbili Eliakimu alikuwa amemsimulia Mzee Nicolaus mara tatu jinsi karani alivyoipigia muhuri karatasi yake, akilia mahali pale pale kila mara. Alipotaka kuwasindikiza wageni alianguka kwenye ua wa miti ya masale. Anderson ndiye aliyemwinua, akambeba akisaidiwa na Isihaka mpaka kitandani, akapiga magoti, akamvua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitokeza.

"Acha, nitafanya mimi," Wema alisema.

"Si neno," Anderson alijibu. "Baba yangu naye alikuwa hivi."

Alisema kwa wema kabisa. Wema alitoka nje akasimama nyuma ya jiko, na Ernesta alipomfuata alimkuta anatazama lundo la makapi ya miwa.

"Posa imepita, mwanangu."

"Najua, mama. Niliona alivyosita. Angeweza kukiweka."

"Ungemlaumu?"

Ndani baba yake aliita jina la karani.

* * *

Jumanne Eliakimu alikwenda kwenye kikundi akiwa hajanywa tangu jana yake, na Ernesta alikwenda naye. Walipofika wengine walisogea kuwapa nafasi, lakini kulikuwa na benchi moja mlangoni, na kila mtu alijua la nani. Aliyeanguka alikaa hapo majuma kumi na mawili bila kusema mpaka aulizwe. Eliakimu mwenyewe, mwezi wa tatu, alikuwa ameinua mkono kukubali kanuni hiyo.

"Kosa ni langu," Ernesta alisema. "Nilikiosha mara tatu. Nilionja. Sikujua."

"Mama Wema, kaa," Mwalimu Tumainieli alimwambia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mama yangu alikuwa mpishi wa dengelua. Nilipokuwa mdogo alinituma kwa jirani kuazima kibuyu, na alikuwa anasema neno moja tu: lete kilichozoea. Hamira haikuwa kwenye miwa. Ilikuwa kwenye kibuyu. Ilikuwamo humo tangu babu. Nimekunywa miaka ishirini na sita, nimefundisha sayansi miaka thelathini, na Jumanne iliyopita niliwaambia mkakioshe."

Kisha Hezroni, mdogo kuliko wote, fundi baiskeli, alisema, "Sawa. Kibuyu tumekisamehe. Kata ya pili ilitoka wapi?"

"Hezroni," Agatha alimkatiza. Agatha alikuwa mjane aliyepika gongo zamani na kuinywa zaidi ya wateja wake. "Ukimsukuma mtu kwenye korongo, utahesabu ni jiwe la ngapi alilojigonga mwenyewe?"

"Mama, mimi nina miezi minne. Kila usiku nahesabu. Tukisema hili si kitu, kesho na mimi nitapata kibuyu changu cha kusingizia. Najijua."

Hakusema kwa chuki. Kila aliyekuwamo aliijua hofu ile. Walijadili mpaka giza likaingia. Wengine walisema kibuyu kisihesabiwe, kata ihesabiwe. Wengine walisema vyote, wengine hata kimoja. Mwishowe walipiga kura ya benchi kwa mikono, sita kwa wanne, na Mwalimu aliyeshindwa ndiye aliyelazimika kulisema.

"Eliakimu, benchi la mlangoni. Majuma kumi na mawili. Miezi yako inaanza upya."

Eliakimu aliondoka alipokuwa amekaa, akaenda kukaa mlangoni. Upepo wa nje ulimpiga mgongoni. Alikaa hapo mpaka sala ya mwisho, akaimba wimbo nao. Njiani kurudi alitembea mbele ya mkewe, na walipofika njia panda ya kilabu alisema, "Tangulia," na Ernesta akatangulia, kwa sababu hakujua neno ambalo watu kumi na mmoja hawakuwa wamelijua.

Jumatano Koleta alikuja kuchukua kibuyu.

"Nilitaka kukivunja," Ernesta alimwambia.

"Si chako, wifi. Si changu pia." Koleta alikishika tumboni. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amemwona kaka yake kwenye ua wa masale. "Mnasema mimi ndiye niliyeharibu. Mimi nilijua maji yatageuka pombe. Kila mtu anajua kibuyu kile. Nilidhani mnajua, mnajifanya tu, ili mchungaji asiseme."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikwenda kumuuliza Mwalimu." Alikifunga kwenye kanga. "Harusi ni mwezi wa kumi na mbili. Siku hiyo kitatakiwa tena."

* * *

Alhamisi ile zamu ilikuwa ya shamba la Eliakimu. Mvua ya Jumamosi ilikuwa imebomoa ukuta wa mawe wa tuta la juu, na udongo ulikuwa umeteremkia kwenye maharage. Zamu hiyo ilipangwa kabla ya posa. Ernesta hakumtazamia mtu, lakini saa nane alisikia vikohozi njiani. Walikuwa Mwalimu Tumainieli na kamba yake, Agatha na sululu, na Isihaka, aliyefunga biashara sokoni tangu asubuhi. Nyuma yao, akisita, Hezroni.

"Yupo?" Mwalimu aliuliza.

"Hakulala hapa."

"Haya. Mawe yapo."

Alipigilia vijiti viwili, akavuta kamba. Walianza kutoa mawe kwenye udongo na kuyapanga, makubwa chini, kokoto nyuma. Ernesta alileta jembe lake. Agatha alimtania Isihaka kwamba anapanga mawe kama mtu anayekunja mitumba, na Isihaka akamjibu kwamba ukuta wa Agatha una tumbo kama muuzaji gongo. Walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu cheko lilionekana si mahali pake.

Jua lilikuwa limeinama Eliakimu alipotokea kwenye njia ya kilabu. Alitembea kwa uangalifu wa mtu aliyekunywa anayetaka kuonekana hajanywa. Aliwakuta wote wameinama. Alisimama mwisho wa kamba.

"Mmekuja kufanya nini?"

"Ukuta wako umeanguka," Mwalimu alisema.

"Mlinikalisha mlangoni."

"Tulikukalisha. Na leo ni Alhamisi." Mwalimu hakuinua kichwa. "Pale kwako pana pengo."

Eliakimu alimtazama Hezroni. "Wewe ulinyoosha mkono juu kuliko wote."

"Ndiyo, mzee." Hezroni alikuwa na jiwe tumboni, amelikumbatia. "Shikamoo."

Muda ulipita kabla ya marahaba kutoka. Kisha Eliakimu alichukua jembe la mkewe lililokuwa limelala kando, akaanza kuvuta udongo. Mikono yake haikumtii. Jembe liligonga jiwe alilolipanga Agatha, jiwe likabiringika mpaka kwenye maharage. Isihaka alishuka, akalirudisha, akalipanga tena. Likagongwa tena. Isihaka alishuka tena. Mara ya tatu Eliakimu aliliegemeza jembe ukutani, akakaa juu ya jiwe kubwa la pembe, akajifunika uso kwa mikono, na harufu ya kilabu ikawafikia wote. Hezroni alisogea upande ambao upepo haukuleta harufu ile, akaendelea kufanya kazi.

Giza lilipoanza kuficha kamba, ukuta ulikuwa umefika magotini upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa bado shimo. Jiwe la pembe, lile alilolikalia Eliakimu, halikuwa limeinuliwa.

"Hilo ni la watu watano wenye nguvu," Mwalimu alisema akipangusa mikono. "Tuliache. Kamba ibaki. Mvua ikija usiku itachukua kidogo, si neno. Kesho asubuhi."

"Mimi mpaka kabla ya swala ya Ijumaa tu," Isihaka alisema. "Nitalala kwa Mwalimu."

"Kesho nina baiskeli za watu," Hezroni alisema, kisha akaongeza, "Nitakuja saa moja."

Waliondoka mmoja mmoja. Kila mmoja alipopita alimgusa Eliakimu begani, hata Hezroni, na Eliakimu hakuinua uso. Ernesta aliokota sululu ambayo Agatha alikuwa ameiacha kwa kazi ya kesho. Alimwuliza mumewe kama anakuja kula.

"Tangulia," alisema.

Lilikuwa neno lile lile la njia panda. Ernesta alisimama. Jembe lilikuwa bado limeegemea ukutani, hatua mbili kutoka pale alipokaa, mpini wake ukiwa mweupe gizani. Kilabuni walikuwa wamekwisha kulipokea lile la kwanza. Wangelipokea na hili bila kuuliza, na dukani Same jembe jipya lilikuwa limepanda bei mara tatu tangu mwaka jana. Alinyoosha mkono kulichukua. Mkono ulifika kwenye mpini, ukakaa hapo kidogo.

Kisha aliuondoa. Alijitwika sululu tu, akaanza kupanda kwenda nyumbani, na usiku ule uvunguni hapakuwa na kitu.